Kidonda Kilichotajwa Mkutanoni

Niliondoka Masanze kwa sababu ya damu. Nilikuwa naiona chooni tangu palizi nikidhani ni bawasiri, mpaka daktari wa Kilosa aliponipima kwa kidole. Akasema kuna kinyama ndani ya njia ya haja, huenda ni saratani, niwahi Dar es Salaam kikiwa bado kidogo. Kijijini nilisema naumwa tumbo. Ukweli niliwaambia wawili tu, mke wangu na balozi wetu wa nyumba kumi, maana yeye ndiye wa kuniombea ruhusa ya kukosa shamba la ujamaa.

Stesheni ya Kilosa nilisindikizwa na kaka yangu Yona. Alinipa muhogo wa kuchemsha, naye akijua ni tumbo tu.

Dar es Salaam daktari alisema nina bahati, kinyama hakijazama. Wangekitoa kwa kupitia chini hukohuko, tumbo wasiliguse. Jirani yangu wa kitanda alikuwa amechelewa; alitobolewa tumboni, akawa anajisaidia kwenye mfuko. "Wewe umeleta punje," aliniambia, "mimi nilileta gunzi zima." Tulicheka, yeye kuliko mimi.

Baada ya kukatwa nilipigwa mionzi kwa majuma kadhaa. Mashine yenyewe haiumi. Maumivu huja baadaye, nikawa nakaa kwa tako moja. Mwishowe wakasema hawaoni kilichobaki, ila nirudi kupimwa.

Mikumi, wakati wa kurudi, niliteremka basi nikaingia mgahawani. Alikuwapo mtu wa kijijini kwetu. Akanisogezea kigoda. "Karibu, shemeji. Au bado hapakaliki?"

Watu wakacheka. Nilipombana akanieleza. Mkutanoni yalisomwa majina ya wasioonekana shambani, mimi nikaitwa mtoro, ikatakiwa familia yangu inyimwe mgawo wa mahindi. Balozi akasimama kunitetea, akasema ninaumwa nini na wapi. Mgawo ukatolewa. Wanangu walikula kwa maneno yale, na sina hakika kama mimi ningepata mengine ya kusema.

Masanze balozi alikuja kunijulia hali. Nilimshukuru kwa mgawo, nikamsindikiza mapema. Vijana walikuwa wameshanipa jina, silirudii hapa.

Kisha akaja Yona. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanivuta nyuma ya nyumba.

"Na mimi natoka damu, mdogo wangu. Tangu mavuno."

Nikamweleza yote, jinsi walivyopitia chini, jinsi ninavyokwenda haja kama zamani. Nikamwambia tuondoke wote kesho.

"Na nisipoonekana shambani," akauliza, "watanitetea kwa kusema nini?"

"Tutasema ni tumbo," nikamwambia.

"Kama ulivyosema wewe," akasema, akachukua jembe lake akaenda zamu.

Alikubali kwenda alipokuwa hawezi tena kuficha. Daktari yuleyule wa Dar es Salaam alimpima, akatuambia wote wawili kwamba cha Yona hakifikiki tena kwa kupitia chini, na kimeshapanda kwenye ini.

Nimejifunza kwamba ugonjwa huu ukiwahiwa hutoka, mwili wangu ni shahidi. Yona naye alijifunza kwangu. Nilimsimulia uponyaji, lakini kabla sijafika alikuwa ameshasikia kicheko.