Mwimbaji Aliyeomba Kuitikiwa

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikianza sitaki kukatizwa. Hii si hadithi ya kulalisha watoto. Ni jambo lililonipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, na watu kama ishirini walikuwepo. Wengi wao wameshakufa. Waliobaki waulize. Wakikataa, ujue ni aibu inawazuia, aibu ile ile niliyo nayo mimi.

Miaka ile baada ya vita vya Hitler nilikuwa nafanya kazi Makindu, kwenye duka la Mhindi mmoja karibu na stesheni. Kazi yangu ilikuwa kupima sukari na kukata vitambaa, lakini watu hawakunijua kwa sukari. Walinijua kwa gramafoni. Ilikaa barazani, mimi ndiye niliyezungusha mkono wake, na santuri mpya ikishuka kwenye treni, masikio haya ndiyo yaliyotangulia kuisikia. Ndio wakati vijana wetu walianza kuimba mtu mmoja na gita lake, bila ngoma, bila kundi. Wazee walinung'unika, "Wimbo gani huu hauna watu?" Mimi niliupenda kufa! Nikimsikia kijana mara moja tu nilikuwa nakwambia huyu atafika mbali, huyu arudi shambani akalime. Na sikukosea, niamini. Nilivimba kichwa mpaka kofia ikawa hainitoshi.

Siku moja akaja Mzungu kutoka Nairobi na gari lenye mashine ya kunasa sauti. Alitafuta waimbaji wapya, wanaume, wa kuimba peke yao. Mhindi akanionyesha kwa kidole, "Uliza huyu, yeye ndiye anayejua." Unafikiri nilipata usingizi? Asubuhi vijana wakapanga mstari barazani, nami nikawachagua kama mtu anayechagua mchele. Mmoja kutoka mji wa Wote alikuwa na sauti tamu lakini alitetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Mwingine wa Kibwezi, vidole vyake vilijua zaidi ya mdomo wake. Wawili niliwapitisha, na mpaka leo nasema walistahili kusikizwa. Mzungu alikuwa na sharti moja tu: mashine ikizunguka, mtu asikohoe.

Saa sita, tukitaka kufunga, akatokea kijana akitembea juu ya reli kutoka upande wa Mombasa. Alivaa koti zito la jeshi, kwenye lile jua la Makindu, na uso wake ulikuwa mkavu, bila hata tone la jasho. Begani alibeba gita la kujitengenezea, la debe la mafuta ya taa. Aliomba maji. Nikampa kikombe. Sasa, wewe unajua wazee wetu walikuwa wakimwaga kidogo chini kwanza, kwa ajili ya waliotangulia. Huyu aliyamwaga yote, polepole, mpaka kikombe kikaisha, kisha akanirudishia na kushukuru kama aliyekunywa akashiba. Mimi ni mtu wa kanisa. Nikajifanya sikuona.

"Unaitwa nani, kijana?"

"Kimanzi. Kwetu ni Kwa Vonza. Naenda nyumbani, lakini nimechelewa sana njiani." Akawaangalia watu mmoja mmoja. "Nikiimba, tafadhali mniitikie. Hata mmoja tu. Nikiitikiwa nitafika."

Ngoja nikueleze. Kwetu Ukambani, mtu akirudi kutoka safari ndefu alikuwa akianza wimbo angali mbali. Anaimba, halafu anaacha nafasi. Ile nafasi si yake, ni ya watu. Wakimwitikia, anajua ametambuliwa, anaingia. Nilijua hayo tangu nikichunga mbuzi. Lakini Mzungu alitaka mtu aimbe peke yake, na mimi nilitaka nionekane najua mambo ya kisasa.

"Hapana bwana," nikamwambia. "Hayo ni ya zamani. Siku hizi mwanamume anaimba peke yake. Na nyinyi wote, nyamazeni!"

Akaniangalia. Laiti angenikasirikia! Aliniangalia tu kama mtu aliyeshazoea, akashika gita.

Nikwambie nini sasa? Nimesikiza waimbaji maisha yangu yote, na sijasikia tena sauti kama ile. Ilianza chini, ya kawaida tu, kisha nikaona mikono yangu imesimama malaika yote. Mbuzi waliokuwa wakila maganda kando ya duka waliacha kutafuna. Mzungu, ambaye Kikamba hakujua hata neno, alivua kofia akaishika kifuani. Haki ya Mungu, nilisahau kwamba nina kiburi. Nilijiona mdogo, na nikafurahi kuwa mdogo.

Aliimba akimwita mama yake: "Mwaitu, ni mimi, nimefika mlangoni." Kisha akaacha nafasi.

Kimya. Ile nafasi ilituvuta vifua. Mama mmoja aliyeuza ndizi alifungua kinywa aitikie. Nikamtolea macho, akakifunga.

Ndipo akaitikiwa. Sauti ya mwanamke mzee, imekwaruza, imechoka, kama ya mtu aliyeinama akilima. Ilitoka hapo hapo miguuni petu, pale alipomwaga maji. "Ingia mwanangu, mlango sijaufunga." Na pale barazani hapakuwa na mwanamke mzee hata mmoja! Kijana akaimba tena, akaacha nafasi tena, na ile sauti ikamjibu tena. Mara tatu. Hakuna aliyekimbia. Ungekimbiaje? Lilikuwa jambo zuri kuliko lilivyotisha.

Alipomaliza alijitupia gita begani. "Bado ni yeye tu anayeniitikia," akasema, akashika reli kurudi alikotoka, upande ule ule wa Mombasa. Nilimfuata mbio. Reli pale imenyooka, unaona mbali mpaka macho yachoke, na sikuona mtu.

Mzungu akarudisha mashine ili asikize. Kimya kirefu. Kisha mwanamke: "Ingia mwanangu, mlango sijaufunga." Kimya tena. Kijana hakuwemo. Hata gita halikuwemo. Mzungu alifunga vitu vyake, akaondoka bila kula.

Nilikaa wiki mbili bila kuigusa gramafoni. Mwishowe nikaomba ruhusa, nikapanda malori mawili na kutembea siku nzima mpaka Kwa Vonza. Nilipouliza nyumba ya Kimanzi, watu walitazamana, kisha wakanionyesha shamba la mbaazi. Mama mmoja mzee alikuwa akipalilia. Aliponisalimu, nilivua kofia. Ilikuwa sauti ile.

Aliniambia mwanawe alikwenda na jeshi Burma, na barua ikaja kwa ofisi ya DC kwamba hatarudi. "Lakini kila saa sita namsikia akianza wimbo," alisema. "Namwitikia hapa hapa nikilima. Sauti yangu imechoka, haimfikishi. Nasema iko siku atapita kwa watu, wamsaidie."

"Mama, nimemwona," nikasema. "Makindu. Ameimba mbele yetu."

Aliangusha jembe. Uso wake ukawa wa msichana. "Amepita kwa watu! Basi mlimwitikia?"

Bwana, kuna maswali yanayomvua mtu nguo. Nilimwambia ukweli wote. Hakunilaani. Alinishika mkono, mkono wangu huu, akasema, "Pole mwanangu, hukujua."

Lakini nilijua.

Jua lilipofika utosini alisimama wima akaitikia, nami nikaitikia naye, nikilia kama mtoto. Mimi sikusikia kitu. Yeye aliinamisha kichwa, kisha akatabasamu, "Amesimama. Anasikiza." Mama yule alifariki kabla ya mvua iliyofuata.

Tangu hapo, saa sita ikigonga, popote nilipo, ninaitikia. Nimeitikia sokoni, nimeitikia mazishini, nimeitikia katikati ya mahubiri mpaka wazee wa kanisa wakaniita kikao. Watoto wangu wanaona haya. Wao hawasikii ninachosikia siku hizi: gita la debe, mbali, lakini si mbali kama zamani.

Sasa na sauti yangu imeanza kukwaruza. Kwa hiyo nisikize vizuri. Ukimkuta kijana anaimba peke yake, na akaacha nafasi, usiangalie nani anakuangalia. Usingoje mjuaji akupe ruhusa. Mwitikie! Mimi niliwanyamazisha watu ishirini siku moja, na mtoto wa watu hajafika kwao mpaka leo.