Akiba Ndani ya Mshono wa Mdogo Wake

Saa tatu asubuhi mashine ya kushonea imeshachangamka. Mwanamke mwenye mwili mkubwa ameinama juu yake, pini nne kaziuma midomoni, mguu unakanyaga pedali. Jicho moja liko kwa mdogo wake, aliyesimama juu ya kigoda katikati ya chumba, mikono kainyoosha.

"Geuka," anasema bila kuzitoa pini. "Taratibu. Umekonda mpaka kitambaa kinakutafuta."

Mdogo mtu anacheka. Fundi hacheki. Anapiga magoti kwa shida, anabana gauni kiunoni, na ukimtazama usoni unaona kabisa kwamba roho inamuuma.

Mtaa mzima unamwita Bonge. Jina lenyewe halimuudhi, amelizoea tangu shuleni. Kinachomuudhi ni kwamba zamani walikuwa wawili. Yeye alikuwa Bonge Mkubwa, na mdogo wake, karani wa kampuni ya usafirishaji, alikuwa Bonge Mdogo. Kila sherehe walivaa sare, na fundi hakuhitaji hata kujipima: alimpima mdogo wake, akajikatia na yeye. Siku hizi watu wanasema Bonge tu, kwa kuwa hakuna tena wa kumtofautisha naye.

"Tulinenepa pamoja," anasema. "Halafu mwenzangu akaondoka bila kuniaga. Ndivyo nilivyoona mimi."

Mwaka jana mdogo mtu alifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Bima ya kazini kwake ilibeba gharama. Fundi hana bima. Anasema ili apate fedha hizo angelazimika kushona sare za shule miaka minne bila kula, "na hapo ningekuwa nimeshakonda bure, upasuaji wa nini tena?"

Kuanzia mwezi wa pili baada ya upasuaji gauni zikaanza kurudi dukani. Punguza kiuno, punguza mabega, punguza tena kiuno. Wateja waliokaa kwenye benchi wakawa wanapiga vigelegele. Mmoja alimwambia fundi usoni, "Jamani, huyu mdogo wako kawa msichana! Na wewe je, fundi?" Bonge alitabasamu kwa meno tu, akaenda nyuma ya pazia kutafuta uzi ambao alikuwa ameushika mkononi.

Hapo ndipo ilipoanza ile roho ya kwa nini.

Fundi yeyote anayeipenda kazi yake akipunguza nguo huacha akiba. Ni kitambaa kidogo kinachokunjwa ndani ya mshono, upana wa kidole hivi, ili nguo ikija kubana iweze kuachiwa. Mdogo mtu alimwambia waziwazi: "Dada, kata yote. Mimi sirudi nyuma." Bonge akaitikia sawa, na hakukata. Aliacha akiba ya vidole vitatu kila upande, akaishikiza kwa mkono, mshono mdogomdogo, isionekane wala isikwaruze.

"Nilikuwa namsubiri," anasema bila kumung'unya maneno. "Nilijua siku moja atakuja gauni limembana, na mimi nitamwambia usijali mdogo wangu, dada yako alikuachia. Hilo wazo lilikuwa linanipa usingizi."

Siku hazikuleta alichokisubiri, kwa hiyo akazisaidia. Kila mdogo wake alipokuja kupima, Bonge alimkaribisha kwa kumlazimisha. Biskuti, soda, sahani ya wali. Mwenzake alionja, akaweka pembeni. "Vijiko vitano, kashiba, anajifuta mdomo kama malkia," anasema fundi. "Nilimchukia kwa vile vijiko vitano."

Mchana mmoja akammiminia bilauri kubwa ya juisi na kuikoroga kwa sukari ya kutosha. "Leo hii juisi yangu utaidharau?" alimuuliza mbele ya wateja. Mdogo mtu aliona haya. Akainywa yote kwa mkupuo.

Robo saa haikupita. Jasho jembamba lilimtoka, moyo ukamwenda mbio, tumbo likamkata. Alishuka kwenye kigoda akakaa sakafuni katikati ya vipande vya kitambaa, midomo imemkauka. Bonge alimwinamia kumshika, akagusa mifupa ya mabega ambayo hakuwahi kuijua.

"Nilipiga kelele mpaka jirani wa saluni akaja mbio. Mimi ndiye niliyelia, mgonjwa ndiye aliyenibembeleza. Ile juisi sikumpa kwa upendo, nilikuwa namjaribu. Nilitaka nione lile tumbo jipya linashindwa."

Hali ilitulia alasiri. Kesho yake wakaenda kliniki pamoja, na kwa mara ya kwanza Bonge akakaa mbele ya muuguzi wa upasuaji, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, asiyependa kukatizwa.

"Sukari nyingi ikiingia kwa kishindo, tumbo dogo haliwezi kuikalisha," muuguzi alieleza. "Inamwagikia kwenye utumbo, mwili unashtuka. Ndiyo hiyo mliyoiona. Safari hii imepita. Akizimia, au akitapika bila kukoma, hamngoji kesho."

"Mimi nilidhani wanakata, mtu anakonda, basi," Bonge akasema.

"Wengi wanadhani hivyo, mama. Ndiyo maana wanapata tabu."

Akamweleza bila kuremba. Sehemu kubwa ya tumbo huondolewa, linalobaki ni jembamba kama ndizi, na kilichokatwa hakirudishwi. Ni upasuaji hasa, una hatari zake: kuvuja damu, mshono wa ndani kuachia, damu kuganda miguuni. Ndiyo sababu mgonjwa haruhusiwi kumficha daktari ugonjwa wala dawa anayotumia, na mvutaji sigara huambiwa aache mapema. Wiki za mwanzo ni vimiminika tu, kisha vilivyopondwa, ndipo chakula cha kawaida kidogo kidogo, kikitanguliwa na nyama, samaki, mayai au maharage. Maji hayanywewi pamoja na chakula. Vidonge vya vitamini ni vya maisha, na damu hupimwa kila daktari anapopanga. Anayetaka mtoto husubiri mwaka au mwaka na nusu. Nywele zinaweza kukatika kwa muda. Ngozi inaweza kulegea na kubaki hivyo.

Bonge alikuwa akimtazama mdogo wake kwa pembeni. Hakuwa amejua habari za nywele. Ule ushungi mpya aliudhania ni maringo.

"Na baada ya mwaka wa pili hivi," muuguzi akamalizia, "wengi wanarudisha kilo kadhaa. Hiyo si aibu. Mtu aje tumwangalie. Wanaoharibikiwa ni wale wanaojificha."

Fundi akaukumbuka mkasi wake. Jioni ya siku iliyotangulia, kwa majuto, alikuwa amezitoa gauni zote za mdogo wake zilizokuwa dukani, akazifumua kwa wembe na kuikata ile akiba kwa mkasi mpaka ukingoni mwa mshono. Hakubakiza hata ya kushika sindano.

Walipotoka nje akamwambia yote, la kuacha na la kukata. Walipofika getini mdogo mtu akasimama.

"Kwa hiyo uliniachia kwa ubaya, ukanikatia kwa wema?"

"Ndiyo."

"Bora ungebaki na ubaya wako, dada. Lile la bluu nalipenda."

Wakacheka mpaka mlinzi akageuka kuwatazama. Kisha mdogo mtu akaanza kulia, na alichosema Bonge anakirudia leo neno kwa neno.

"Unadhani ni wewe peke yako? Tukiwa kwa mama, wewe unakula unacheka, mikono yenu inagongana kwenye sinia. Mimi niko na vijiko vyangu na vidonge vyangu. Nakuonea wivu mpaka nataka kuondoka. Nywele zilipoanza kutoka nilijifungia bafuni. Sikukwambia kwa sababu ungefurahi."

"Ningefurahi," Bonge alimjibu, na anasema hakuona faida ya kudanganya.

Sasa na yeye ameandikishwa katika kliniki ya umma, ambako foleni ni ndefu na maandalizi huchukua miezi. Ameonana na mtaalamu wa lishe. Ameonana na mshauri, aliyemuuliza kwa nini anataka upasuaji. Akataja magoti, na ni kweli, jioni hushindwa kuikanyaga pedali. Mshauri akauliza tena. Mwishowe Bonge akasema, "Na mdogo wangu." Mshauri akamwambia hapo ndipo pa kuanzia, na kwamba huenda akashauriwa njia nyingine kabisa.

"Nikikataliwa nitaumia," anasema. "Lakini nataka nikiulizwa tena, nitaje magoti tu, na iwe kweli."

Mdogo mtu bado yuko juu ya kigoda. Gauni ni jipya, la bluu, badala ya lile lililokatwa akiba.

"Umeniachia akiba?" anauliza.

"Nimekuachia."

"Kwa roho safi?"

Bonge anazitoa pini midomoni, anafikiri.

"Nusu," anasema. "Hiyo nusu nyingine bado inakutazama kiuno."

Mdogo wake anashuka, anamsaidia kuinuka, kisha anamwelekeza apande yeye kwenye kigoda. Anataka kujizoeza kupima, anasema, kwa sababu siku ya kupunguza ikifika hatataka gauni za dada yake ziende kwa fundi mwingine. Karani huyu hajawahi kushona hata kifungo. Anachukua pini ya kwanza, anamchoma.

"Pole, dada."

"Choma tu," anasema Bonge, mikono kaitandaza. "Ila akiba yangu uache pana. Mimi najijua."