Nyaraka za Ukutani Mwigobero

Nilitumwa Musoma kwa sababu ya kuku. Kwenye barua ya safari paliandikwa "kukusanya nyaraka za usafiri wa majini", na muhuri ulikuwepo, lakini ukweli ni kuku. Makumbusho yetu ya vyombo vya ziwani, hapa Mwanza, yalikuwa na Chumba cha Utafiti chenye rafu, meza na kibao kizuri mlangoni. Kilichokosekana, ukiacha bunda moja la michoro, ni cha kutafiti. Mkurugenzi, ambaye kama wakubwa wengi wa miaka ile alikuwa ameshagundua kwamba mshahara ni salamu tu, alikuwa ameagiza vifaranga. Alinipa muda hadi mwisho wa mwezi. Nikirudi na nyaraka, chumba ni changu na mimi ni mkutubi. Nikirudi mikono mitupu, chumba ni cha kuku na mimi ndiye mhudumu wao.

Kwa bahati ilikuwa imekuja barua kutoka Butiama. Aliyeiandika, Mzee Wambura, alieleza kwamba marehemu mdogo wake alikuwa serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia, katika meli za ziwani. Meli yake ilipostaafishwa, makaratasi yake yakawa yanasubiri kiberiti, naye akayabeba nyumbani: ramani, picha, kurasa za kumbukumbu za safari. Sasa yako kwa mjane wake, Musoma, na ukoo umeridhia serikali iyachukue yote. Neno "yote" alilipigia mstari. Nikamwona mzalendo.

Tuliondoka Mwanza alfajiri kwa lori lililokuwa likirudisha magunia matupu ya pamba Bunda. Nilikaa juu ya magunia kama bibi harusi, nikitazama neema mpya kando ya barabara. Miaka michache nyuma tulikuwa tukipanga foleni kungoja sabuni isiyokuwepo. Sasa kila kitu kilikuwa ruksa, sabuni ya kila rangi imepangwa mezani, na foleni zimekwisha kwa kuwa hakuna mwenye hela ya kumfanya asimame. Tuliambiwa hayo ndiyo maendeleo, nasi tukaitikia.

Bunda niliingia jioni, nikafikia Kabasa kwa mama yangu mdogo, Nyangeta, aliyekuwa ametoka shambani kwake Guta na matope bado miguuni. Aliisoma barua yangu ya safari, akacheka hadi akakaa chini.

"Karatasi? Serikali ilikuwaga haina hata karatasi ya kumlipa mkulima wa pamba, leo inakuja kuokota za marehemu?"

"Ni za utafiti, mama mdogo."

"Haya. Na huyo mjane amekubali?"

"Ukoo umekubali."

"Mimi sijakuuliza ukoo," alisema, akaenda kusonga ugali.

Butiama nilifika kesho yake mchana. Kuna hewa nzuri kule, na mawe makubwa yamekaa kati ya mashamba bila kumuomba mtu nafasi. Mzee Wambura alinipokea akiwa amevaa koti la heshima kwenye jua kali. Alinipa maziwa, akanipa na malalamiko yake. Kwa mila, alisema, mke wa marehemu ni wake kumrithi, na mke huyo amekataa.

"Anasema yeye ni mama wa kanisa. Nyumba anayo, atanisikilizia wapi? Wewe binti nenda kachukue makaratasi. Usibakize hata moja. Nitakuja mwenyewe kuhakikisha."

Nilimsikitikia kidogo, kwa adabu ya mgeni aliyekunywa maziwa ya mtu. Nikaondoka nikiwaza nitapanga ramani rafu ya juu na picha rafu ya chini.

Musoma niliteremka nikashuka hadi Mwigobero, ambako mitumbwi ya vijiji vya ziwani inafunga na dagaa wameanikwa kila palipo wazi. Nyumba ya mjane, Mama Mafuru, ipo juu kidogo ya soko. Nilibisha hodi, nikakaribishwa na mama mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, nikaingia, nikasimama palepale mlangoni.

Nyaraka zote zilikuwepo. Zilikuwa zimebandikwa ukutani.

Kuanzia sakafuni hadi kwenye paa, ukuta mzima ulikuwa ziwa letu. Ramani za kina cha maji zilipita juu ya kochi, visiwa vikazunguka dirisha. Picha za meli zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa, mabaharia weupe kwa weusi wakimtazama mgeni anywe chai. Kurasa za safari zilijaza nafasi zilizobaki, na palipokuwa na ufa, pamewekwa ukurasa mzito zaidi. Nimesoma kozi ya upangaji wa nyaraka, lakini sikuwahi kuona mkusanyiko uliopangwa kwa kufuata nyufa.

"Mwaka ule chokaa ilikuwaga haipatikani," alieleza. "Simenti ndo usiseme. Mume wangu akasema karatasi hizi za meli ni ngumu, zimezoea maji. Nikakoroga uji wa muhogo, tukabandika wote wawili."

Niliomba ruhusa, nikajaribu kona moja kwa ukucha, polepole, kama nilivyofundishwa. Karatasi ilikuja vizuri. Nyuma yake likaja bonge la udongo, na nyuma ya udongo nikaona fito, na kati ya fito nikaona soko la dagaa.

Mama Mafuru alilirudisha bonge mahali pake kwa kiganja.

"Binti yangu, ukuta huu ulishachoka. Karatasi ndo zinaushika. Na shemeji anajua, maana amelalaga humu tangu mdogo wake yupo." Akanimiminia chai. "Ukibandua, nyumba inaanguka. Ikianguka, mjane anapelekwa wapi? Si Butiama?"

Nilipata hasira ambayo sikuijua kwangu. Mtu mzima ametafuta namna ya kubomoa nyumba ya mwanamke, akaiona serikali, akaona na mimi na muhuri wangu, akatuandikia barua ya kizalendo. Nami nilikuja kwa nauli ya umma. Lakini niwaambie ukweli wote: pamoja na hasira hiyo nilisikia pia harufu ya kuku. Nilikunywa chai yote, nikiwa sijui nitafanya nini.

Kesho yake Mzee Wambura alifika akiwa na koti lake na sululu.

"Bado hujaanza? Mimi nimekuja kusaidia."

Nilifungua mkoba, nikatoa karatasi na kalamu nyekundu. Nikaandika: MALI YA MAKUMBUSHO. NI MARUFUKU KUBANDUA, KUBOMOA AU KUHAMISHA. Kidau cha wino kilikuwa kimekauka; nikakitemea mate, nikagonga muhuri kwa nguvu zote. Mama Mafuru akaleta uji wa muhogo. Tukabandika juu ya mlango.

Mzee alisoma polepole, midomo ikicheza.

"Makaratasi sawa, ni ya serikali. Nimetoa mwenyewe. Na nyumba?"

"Nyumba ni kabati, Mzee. Nyaraka hazihifadhiwi bila kabati."

"Na huyu mama?"

"Huyu ndiye mtunzaji. Mtunzaji haruhusiwi kuhama kituo."

Alimtazama shemeji yake, akautazama muhuri. Alikuwa mtu wa kuheshimu mihuri, maana bila heshima hiyo asingetuandikia. Aliweka sululu chini, akaomba chai, akapewa. Mama Mafuru alipotoka nje nilimsikia analia.

Mwanza nilirudi nikiwa na taarifa ya ukurasa mmoja. Mkurugenzi aliisoma akasimama kunipa mkono. "Mkusanyiko umehifadhiwa mahali ulipo," alirudia kwa sauti. "Hii ni lugha ya kisasa kabisa!" Jumatatu vifaranga waliingia Chumba cha Utafiti. Kibao kiliachwa mlangoni, nami nikakabidhiwa ndoo ya maji na pumba.

Baada ya muda ikaja barua kutoka Mwigobero, imeandikwa kwa mkono wa mtu wa kwaya. Mwanafunzi mmoja wa chuo amefika kutafiti meli. Alikaribishwa, akala sangara, akasoma ukuta wa mashariki. Shemeji hajaonekana tena. "Lakini ukuta wa jikoni umeanza kufanya ufa," aliandika. "Kama huko kwenu mna karatasi za meli hazina kazi, tuletee. Ziwe ngumu."

Nilifungua kabati la ofisi. Makumbusho yetu yalikuwa na bunda moja la michoro ya meli, na Mkurugenzi alikuwa ameshaagiza itandazwe chini ya kuku. Niliifunga kwa kamba, nikaandika jina la Mama Mafuru, nikaipeleka bandarini kuwahi meli ya Musoma. Nilikuwa nimetumwa kuleta, nikajifunza kupeleka. Karani wa mizigo aliniuliza ndani kuna nini, nikamwambia ukuta.