Mayai Niliyoyatupa Mgombani

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nikiwa na wiki tatu tu za ndoa hapa Kitendaguro, nilipoamka na nia ya kuisafisha nyumba ya baba mkwe mpaka majirani waione kwa mbali. Kesho yake jumuiya ya kanisa ilikuwa inakuja kusali kwetu, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kupokea wageni. Wanawake wa jumuiya unawajua. Wanaimba huku macho yakikagua pembe za dari. Nami nilikuwa binti wa Muleba, nimelelewa na mama asiyevumilia hata jani moja uani, kwa hiyo nilijifunga kanga kiunoni nikaanza kazi.

Baba mkwe wangu, Ta Kaijage, alikuwa bwana shamba mstaafu. Miaka yake mingi ya kazi aliimalizia kwenye mashamba ya mpunga ya Kimwani, na aliporudi nyumbani alirudi na samaki. Usifikirie sato wala sangara. Hawa ni samaki wa mpunga, hawafiki urefu wa kidole chako cha mwisho, rangi yao ya chungwa iliyopauka, macho makubwa kupita kiasi. Huko Asia walikotoka wanaishi majarubani pamoja na mpunga, ndiyo maana wakaitwa hivyo. Mzee aliwaweka sebuleni, kwenye tangi la kioo alilotengenezewa na fundi wa madirisha wa mjini. Hawakudai pampu wala taa. Baridi ya asubuhi ya Bukoba haikuwasumbua, na umeme ukikatika wao hawakuwa na habari. Watu walikuja kumuuliza mzee kuhusu migomba yao iliyougua, wakaishia kukaa saa nzima mbele ya tangi, naye akifurahi kama amepandishwa cheo.

Sasa sikia jambo ambalo mimi sikulijua. Siku ya harusi yetu tangi lilitolewa uani ili wageni wapate pa kukaa, na mtu akasahau kulifunika. Mdiria, yule ndege mla samaki, akaja kula harusi yake. Walibaki samaki watatu, jike mmoja na madume wawili. Yule jike akataga. Samaki hawa hutaga asubuhi na mapema, kisha jike huogelea na mayai yakining'inia chini ya tumbo, kichala kidogo, mpaka apate pa kuyanasisha. Mzee alikuwa amemwekea gugu maji lenye mizizi mirefu, akayanasisha humo. Na kwa kuwa samaki hawa hula mayai yao wenyewe bila aibu, mzee alilitoa gugu akaliweka kwenye beseni la bluu nyuma ya jiko. Ijumaa jike akafa, uzee tu. Kwa hiyo ukoo mzima wa samaki wa Ta Kaijage ulikuwa kwenye mizizi ya gugu moja, ndani ya beseni ambalo hakuna aliyeniambia lina nini.

Nani angeniambia? Mama mkwe alikuwa amefariki kabla sijaolewa. Kwa desturi ya nyumba ile, baba mkwe na mkamwana hawakuzungumza ana kwa ana. Ukimpelekea chakula unapiga magoti mlangoni, unatazama pembeni, unatoka. Neno likiwa la lazima linapita kwa mume. Na mume wangu, Josia, alikuwa visiwani huko Muleba, akinunua dagaa kwa wavuvi.

Basi nikafika nyuma ya jiko, nikakuta beseni la maji ya kijani, na ndani yake gugu maji. Gugu ambalo watu wanalipiga vita ziwani kila siku, hapa limetunzwa kwenye beseni zuri kabisa. Nilicheka peke yangu, nikasema moyoni kwamba wazee wakistaafu wanachoka vibaya. Na sisi Wahaya hatuna haja ya jalala wakati kibanja, shamba letu la migomba, kipo pale pale nyumbani. Maganda, nyasi, majivu, kila kitu kinakwenda shinani mwa mgomba. Nikalibeba gugu mpaka kibanjani, nikalilaza kwenye shina, nikalimwagia yale maji yake, nikalifunika kwa majani makavu ya migomba ili lioze vizuri. Beseni nikalisugua kwa mchanga, nikaliinamisha juani. Nilijiona mwanamke kamili.

Jumapili jumuiya wakaja, wakasali, wakala, wakasifia. Walipoondoka, mzee akazunguka nyuma ya jiko. Akalikuta beseni tupu, nami naosha vyombo mlangoni mwa jiko. Kisha akauliza kwa sauti, huku ameangalia ukuta, "Kilichokuwa kwenye beseni hili kimekwenda wapi?"

Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu, wala si Jumamosi. Sauti yake ilinitisha, nikajibu kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, nililikuta limepinduka. Labda ni mbuzi wa jirani."

Jioni chakula chake kilirudi jikoni kama kilivyokwenda. Jumatatu asubuhi jirani mmoja alipita kumsalimu, nami nilikuwa nachambua maharage karibu na dirisha, nikamsikia mzee akimweleza habari yote, mdiria, jike, gugu, beseni. "Wamekwisha," akasema. "Madume wawili hawawezi kuendeleza ukoo. Tangi nitamrudishia fundi akate vioo vya madirisha." Jirani alipoondoka, nikamwona akiwapa wale madume wawili chakula, akiisaga punje kwa vidole, polepole, mpaka ikawa unga. Niliona aibu mpaka mikono ikakataa kazi.

Josia alikuwa arudi Alhamisi. Ningeweza kumsubiri, nikamwambia yeye, naye akamwambia baba yake, desturi ikabaki salama. Nusura nifanye hivyo. Lakini niliweka ungo chini, nikaenda sebuleni, nikapiga magoti nikiwa nimegeuza uso.

"Tata, hapakuwa na mbuzi. Ni mimi niliyelitupa lile gugu. Nilidhani ni takataka."

Mimi tayari nilikuwa najiona kwenye basi la kurudi Muleba na sanduku langu.

"Umelitupa wapi?"

"Kwenye mgomba wa pale karibu na uzio."

"Umelifunika?"

"Nimelifunika kwa majani."

Nikasikia kiti kimesukumwa. Mzee aliyekuwa akitembea na fimbo ndani ya nyumba alinipita bila fimbo.

Tulifika pale shinani, tukapiga magoti wote wawili kwenye matandazo, tukafukua kwa vidole. Ungetuona ungecheka. Baba mkwe na mkamwana bega kwa bega, matope hadi viwikoni, tumesahau nani hatakiwi kumtazama nani. Gugu lilikuwa limesinyaa majani yake, lakini mizizi ilikuwa bado mbichi, maana Jumapili jioni manyunyu yalikuwa yamepita. Mzee akavaa miwani, akainua mzizi mmoja kwenye mwanga.

"Tazama hapa. Unaona macho?"

Nikatazama. Vilikuwa vipunje mithili ya chenga ndogo za mchele. Vingine vilikuwa vimegeuka vyeupe, vimekufa. Lakini kumi na tisa vilikuwa angavu, na ndani ya kila kimoja palikuwa na vidoti viwili vyeusi. Niligeuka nikamtazama mzee usoni kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

"Mwana wange," akasema, "mababu zao rafiki yangu aliwaleta kutoka Japani wakiwa mayai, kwenye pamba mbichi ndani ya kikopo cha filamu ya kamera. Unyevu unawatosha. Kinachowaua ni kukauka." Kisha akaacha kucheka. "Kulitupa gugu sikulaumu. Mimi ndiye niliyenyamaza, wewe ukiwa ndani ya nyumba yangu. Ila nilipokuuliza, ukamtaja mbuzi. Haya yaliyokufa, huenda jana yalikuwa hai. Na ungemsubiri Josia, Alhamisi usingeona hata jicho moja."

Hakuyarudia tena maneno yale, hata tulipokuwa tumezoeana kiasi cha kutaniana. Mimi ndiye ninayejirudia.

Yale mayai tukayaweka kwenye beseni lilelile, kivulini, nikawa naamka kuyaangalia kabla hata sijawasha moto. Josia aliporudi Alhamisi alimkuta baba yake na mke wake wameinamia beseni, vichwa vinakaribia kugongana, akauliza kama ameingia nyumba isiyo yake. Jumamosi asubuhi mzee akaita, "Adela, njoo." Hakuwahi kuniita kwa jina. Nikakimbia na mwiko mkononi. Juu ya maji palikuwa na vitu vyembamba kama nyuzi, kila kimoja na macho yake, vikishtuka huku na kule. Nilifurahi nikapiga vigelegele, na jirani akaja mbio kuuliza nani ameposwa.

Siku zile mzee alinifundisha kila kitu. Maji ya bomba uyalaze siku nzima kabla ya kuwapa. Maji ya kijani usiyamwage, ndiyo uji wa watoto wao. Kiini cha yai la kuku ukichemshe, ukikaushe, ukisage, uwape kidogo cha ncha ya kijiti, maana wengi hufa kwa kushibishwa kuliko kwa njaa. Watoto usiwachanganye na wakubwa mpaka wawe hawamezeki. Kabla mwaka haujaisha tangi lilijaa, na watu wakawa wanatoka hata Rubafu na chupa zao kuomba jozi. Nami nikawa nakula meza moja na baba mkwe, jambo lililowapa wanawake wa jumuiya la kuongea kwa miezi.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu. Utakapoingia nyumba ya watu, uliza kabla hujasafisha, kwa sababu unachokiita uchafu huenda mwenzio anakilea. Ukiwa mwenyeji, usimwache mgeni wako abahatishe. Mweleze, hata kama desturi inakuruhusu kunyamaza. Lakini zaidi ya yote, ukikosea, sema siku hiyohiyo, kwa mdomo wako, kwa yule uliyemkosea. Kosa likiwa bado bichi, mara nyingi kuna kitu ndani yake kinachoweza kuokolewa. Ukilificha, unakuwa umekiua mara ya pili, na safari hiyo unajua unachofanya.

Mungu akujalie ulimi usioogopa kukiri na mikono isiyoona haya kufukua. Akupe nyumba ambayo mkosaji anaweza kuingia akasema ukweli, akatoka amesimama wima. Na samaki hawa ninaokupa uende nao wazaane mpaka ukose vyombo, ukawe unabisha hodi kwa majirani kuazima mabeseni.