Msimu Tuliocheza Bila Kocha

Kocha wetu alituaga ndani ya minibasi, tukitoka kufungwa mechi huko Thornton Heath, kusini mwa London. Alisema mke wake amepata kazi Skotilandi na wanahama kabla ya Krismasi, kisha akawasha injini. Sisi wasichana wa timu ya mpira wa kikapu ya chuo tulipaswa kusikitika, na kweli tulisikitika, ila huzuni yetu haikuvuka hata Mto Thames. Mtu mmoja aliuliza ni nani atakayetufundisha sasa. Kapteni wetu, msichana wa asili ya Jamaika ambaye hakuwa mwepesi wa kucheka, akajibu, "Sisi wenyewe," na minibasi nzima ikaangua kicheko. Tuliimba hadi chuoni kwetu Tottenham, na kocha aliyekuwa akituacha aliimba nasi.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Niliishi kwa shangazi yangu, muuguzi aliyenipokea nilipotoka Nakuru, na chumba changu kilikuwa juu ya duka la samaki wakavu. Rafiki yangu mkubwa katika timu alitoka Unguja. Alikuwa mfupi kuliko sote, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Yeye alipanga mashambulizi. Mimi, kwa urefu wangu, nilisimama chini ya kikapu nikingoja mpira. Kwa kuwa hakuna mwingine katika timu aliyejua Kiswahili, sisi wawili tulikigeuza kuwa silaha yetu.

"Nakuja kushoto," angepaza sauti katikati ya mchezo. "Weye zunguka nyuma ya huyo bonge."

Tulipanga kila kitu hadharani, na wapinzani tukawasengenya papo hapo mbele ya pua zao. Ujanja huo ulifaulu kwa kila timu isipokuwa ile ya Thornton Heath. Hao walitufunga kila tulipokutana. Kocha wao alikuwa mama wa makamo, aliyevaa koti la michezo na kilemba cha kitenge. Hakuwa mtu wa kelele. Aliegemea ukuta, akamwita mchezaji wake mmoja, akamnong'oneza neno, na pasi yetu iliyofuata ikanyakuliwa. Rafiki yangu aliapa kwamba yule mama ana dawa.

Chuo kilitangaza nafasi ya kocha mkuu, lakini ratiba ya mechi haikutungoja. Kanuni zilitaka mtu mzima asiye mwanafunzi akae kwenye benchi letu, na siku ile Thornton Heath walipokuja kwetu, mtu mzima pekee niliyeweza kumpata alikuwa shangazi. Alifika moja kwa moja kutoka zamu, bado kavaa sare za hospitali, na mfuko wa viazi vitamu mkononi. Alikuwa hajawahi kuona mchezo huo hata kwenye televisheni.

"Nifanye nini?" aliniuliza.

"Kaa tu, shangazi. Usiseme kitu."

Alikaa kimya mpaka wapinzani walipofunga goli la kwanza, kisha akasimama.

"Nyinyi wasichana, mbona mmeacha mlango wazi?" alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuamsha wodi. "Rudini nyumbani. Mmoja akae mlangoni, wengine wafunge madirisha."

Mimi na rafiki yangu tulielewa, tukarudi mbio kulinda kikapu chetu. Wengine walituona tukikimbia wakatufuata bila kujua kwa nini. Kuanzia hapo tulicheza kwa amri za shangazi: funga jiko, fukuza paka, mpishe mgeni apite. Kapteni alinisihi nimtafsirie, nami nikashindwa kwa kucheka. Upande wa pili, yule mama wa kilemba alikuwa amejifunika uso kwa ubao wake wa kuchorea mbinu na mabega yakimtetemeka. Nilidhani anatudharau, nikakasirika. Walitufunga tena, ila kwa tofauti ndogo kuliko zote zilizotangulia, na shangazi akaondoka uwanjani akipeana mikono na watu kama mgombea ubunge.

Juma lililofuata mkuu wa michezo wa chuo, Mwingereza mpole mwenye miwani ya kamba, alitualika mimi na rafiki yangu kukaa naye kwenye mahojiano. Alitaka wachezaji nao wawaulize waombaji maswali. Tulivaa nguo zetu za heshima na kukaa nyuma ya meza ndefu tukijiona mawaziri.

Wa kwanza alikuwa bwana mmoja aliyekuja na projekta. Alitueleza falsafa ya ushindi mpaka chai yangu ikapoa. Rafiki yangu alipomuuliza angefanya nini na mchezaji mfupi, alirudi nyuma kwenye picha zake kutafuta jibu na hakulipata. Wa pili alikuwa kijana mchangamfu aliyewahi kucheza Uhispania. Huyo alitupendeza, na nilianza kuamini kazi imekwisha.

Mlango ukafunguliwa mara ya tatu. Akaingia yule mama wa Thornton Heath, na kilemba chake.

Rafiki yangu alinibana mkono chini ya meza mpaka kucha zikaniingia. Mkuu wa michezo, aliyekuwa amesoma maombi yake tu bila kuwahi kumwona, alimkaribisha kwa upole na kumuuliza kwa nini anataka kuacha timu inayoshinda.

"Ninaishi hapa Tottenham," alijibu kwa Kiingereza. "Kila siku navuka London nzima kwenda na kurudi. Ningependa kwenda kazini kwa miguu."

"Na unaijua timu yetu? Udhaifu wake ni upi?"

Mama alitugeukia sisi wawili. Akasema kwa Kiswahili cha Bukavu, cha kule Kongo, taratibu, kama mtu anayemega mkate, "Hawa batoto babili banasema sana."

Nilihisi masikio yakipata moto.

"Mi nilikuwa nasikia byote," aliendelea. "Munasema kushoto, mi naweka mutu kushoto. Munasema nyuma, mi naweka mutu nyuma. Na ule munaita bonge, ni mutoto ya dada yangu."

Rafiki yangu aliteleza kwenye kiti mpaka ukabaki mtandio wake tu juu ya meza. Kutoka huko chini nikamsikia, "Yallah, nifiche." Nilijaribu kukaza uso, nikashindwa. Mama naye akashindwa. Tulicheka sote watatu mpaka machozi yakatutoka, huku mkuu wa michezo akituangalia mmoja baada ya mwingine, kalamu yake ikiwa hewani.

"Kuna mtu atakayeniambia?" aliuliza hatimaye.

Nilimwambia yote, pamoja na habari ya bonge. Alivua miwani akaipangusa kwa tai, na alipotaka kuuliza swali lililofuata sauti ilimkatika, akalazimika kunywa maji kwanza.

Alipotulia alisema jambo la haki. Mimi na rafiki yangu tusingeweza kumchagua mtu kwa sababu ametuchekesha kwa lugha yetu. Yule kijana na yule mama wangekuja kila mmoja kutufanyisha mazoezi, na timu nzima ingeamua.

Mazoezi ya kijana yalikuwa mazuri. Tulitoka jasho na kupiga picha naye. Mama alipokuja alitupa sharti moja tu, kwamba atakayefungua mdomo atakaa nje. Tulicheza kimya. Kwa mara ya kwanza niliyatazama macho ya wenzangu, nikagundua kwamba kapteni hutazama chini kabla hajakimbia, na kwamba Mnaijeria wetu huinua bega akitaka mpira. Pasi zilianza kupita mahali ambapo hazijawahi kupita. Rafiki yangu alivumilia, mashavu yamemvimba kama mtu aliyejaza maji kinywani, mpaka nilipofunga goli kutoka mbali na yeye akapiga kigelegele. Mama alimwonyesha benchi kwa kidole. Alikwenda akiwa bado anacheza dansi.

Mwishoni kapteni alivua viatu, akakunja soksi zake, akasema, "Huyu." Hakuna aliyepinga.

Nilimsimulia shangazi jikoni. Aliacha mwiko ndani ya sufuria.

"Kumbe siku ile alikuwa akicheka kwa kuwa ananielewa?"

"Kila neno."

"Basi mlete tule naye," alisema. "Mtu anayecheka maneno yangu si mtu wa kuachwa hivihivi."

Kocha wetu mpya alikubali kazi kwa sharti lake. Asingewaacha wasichana wa Thornton Heath kabla msimu haujaisha. Kwa hiyo mechi yetu ya mwisho tulicheza dhidi ya mtu ambaye alikuwa tayari wetu. Tulivuka mto tukiwa kimya, tukacheza kimya, na karibu tushinde. Wao walifunga goli la mwisho, na aliyelifunga ni yule mpwa wa kocha, ambaye kisha alikuja kunikumbatia kwa nguvu mpaka nikanyanyuka.

Mama aliwaaga wasichana wake mmoja mmoja, na wengi wao walilia. Alilia pia. Halafu alichukua begi lake, akaja kusimama mlangoni mwa chumba chetu cha kubadilishia nguo.

"Tunarudi pamoja?" aliuliza. "Au mutaniacha?"

Tulirudi pamoja kwa treni, timu nzima, tukiwa tumefungwa na tukiwa na furaha isiyo na adabu. Tulipoingia treni ya chini ya ardhi, laini ya Victoria, ilikuwa saa za watu kutoka kazini na tulisimama tumebanana naye. Rafiki yangu alimuuliza kama Bukavu kuna ziwa, naye akaanza kutueleza kuhusu uwanja wa saruji alikojifunzia, na padri aliyewafundisha akiwa na kanzu yake ndefu, ambaye siku moja aliikanyaga akaruka na mpira na kuingia navyo vyote kwenye wavu wa uzio. Alieleza kwa Kiswahili, mimi nikatafsiri kwa Kiingereza, kapteni akawarudia walio mbali. Kila kipande cha kicheko kilichelewa kufika mwisho wa behewa, na kilipofika, abiria tusiowajua nao walikuwa wakicheka.