Chungu Kisichomjua Nguruwe

Kabla sijaolewa sikujua kwamba sufuria ina dini. Nilikulia Nalasi, upande wa Tunduru, katika nyumba ambayo kila chombo kilikuwa Mwislamu kama sisi wenyewe, na hakuna aliyekuwa na haja ya kulisema jambo hilo. Nikaja Songea kufanya kazi, nikakutana na mwalimu mmoja Mngoni, Mkatoliki wa ukoo wa Wakatoliki. Tukapendana kwa ukaidi, tukafunga ndoa bomani, kila mtu na dini yake. Tulipanga vyumba viwili mtaa wa Lizaboni. Mimi kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, sikukila, yeye alikila, na kwa kuwa hatukuwa na uwezo wa kuwa na sufuria za aina mbili, sufuria zetu zilipokea kila kilichokuja.

Baba yangu hakunilaani. Heri angenifokea, maana mtu anayefoka mwisho huchoka. Yeye alinyamaza. Mama alikuwa akinitumia salamu na korosho kwa madereva wa malori, lakini baba hakutuma hata kikohozi. Mume wangu alikuwa hajakanyaga Nalasi hata siku moja. Hakuna aliyemkataza. Hakukaribishwa tu, na mkwe mwenye adabu zake hajipeleki ukweni bila kuitwa.

Basi dereva mmoja aliposimamisha lori lake nje kwetu akaniambia kwamba baba anakuja Jumamosi, anakwenda hospitali ya misheni Peramiho kutazamwa macho na atapita kunijulia hali, nilikaa kizingitini. Dereva akaongeza, kwa sauti ya mtu asiyependa kubeba maneno lakini anayabeba, kwamba mzee amesema atasalimia tu. Kulala, atalala kwa jamaa zake mjini. Kula, hapana, kwa sababu hajui nini kimepita kwenye vyungu vyangu.

Nilikasirika, kisha nikataka kucheka. Macho yake anawapelekea mapadri, tumbo lake anawaficha! Lakini usiku ule nilijua kwamba sitaki kitu kingine chochote duniani ila baba yangu ale nyumbani kwangu.

Mke wa jirani yetu, fundi cherehani, Mwislamu safi, alinipa wazo la haraka: chukua sufuria zangu, pikia, rudisha. Nilimshukuru nikakataa. Nilitaka baba ale kwangu, kwenye chungu changu, siyo chakula cha nyumba ya pili kilichopitishwa uani. Mume wangu alisema kiburi kitaniua. Nikamwambia kikifanya kazi hiyo haraka basi baba atakuja mazishini na hapo atakula.

Yeye ndiye aliyeinua macho akatazama juu ya kabati la vyombo.

Ilikuwa miaka ile ambayo biashara ilikuwa imefunguliwa. Baada ya kupanga foleni za sabuni na sukari mpaka tukazeeka tukiwa vijana, ghafla maduka yakajaa vitu ambavyo hatukuwa tumeviomba: saa zinazoimba, maua ya plastiki, thermos zenye picha za milima ya nchi za watu. Shangazi wa mume wangu, aliyekuwa Dar es Salaam, alituletea zawadi ya harusi kutoka katika mafuriko hayo: chungu cha umeme, cha kupikia polepole kutwa nzima. Kilikuwa na bakuli zito la udongo linalong'aa, kifuniko cha kioo, na kitufe kimoja pembeni. Umeme wetu wa Songea ulikuwa wa majenereta, leo upo kesho haupo, na mkaa tulikuwa nao. Kwa hiyo tulikifanya pambo. Nilikivisha kitambaa cha kufuma na juu yake nikaweka maua ya plastiki. Hakikuwa kimepikiwa hata yai.

Katika nyumba nzima, hicho peke yake kilikuwa hakimjui nguruwe.

Jogoo tulikuwa naye, mkubwa, mwenye kelele, aliyekuwa ameshaharibu mchicha wangu wote. Asubuhi ya Jumamosi mume wangu alimkumbatia kifuani akavuka naye uani kwa fundi cherehani. Yule mzee aliacha mashine, akanawa, akavaa kofia, akanoa kisu chake mwenyewe, akaelekea kibla. Mume wangu alirudi na jogoo amechinjwa, akanisimulia kila hatua kana kwamba alikuwa shahidi mahakamani, maana alijua ataulizwa.

Ndani ya boksi mlikuwa na kijitabu chenye picha ya kuku mzima. Mimi nimezoea kumkata kuku viungo, kama kila mtu. Lakini nilifikiri: kuku wa vipande baba anaweza kumtilia shaka, huyu mzima atamwona mwanzo mpaka mwisho, na shingo yake na alama ya kisu. Nikampaka limau, tangawizi na chumvi, nikamzungushia vitunguu na nyanya, nikamketisha. Aliingia kwa taabu, magoti yakigusa kioo. Mume wangu alisoma kijitabu kama anayefundisha darasa la saba akatangaza sheria moja: kifuniko kisifunguliwe, joto lisitoroke.

Sheria hiyo ilinitesa. Mpishi gani asiyeonja? Nilikuwa nikipita na ufagio, nainama, natazama kioo kilichojaa mvuke, sioni kitu. Hakuna moshi, hakuna kuchemka, hakuna sauti. Mara mbili nilinyoosha mkono na mara mbili mwalimu alikohoa nyuma yangu. Mpaka karibu na adhuhuri ndipo harufu ilipoanza kutoka, na ilipotoka ilikuwa nzuri mno hata watoto wa jirani wakaja kucheza dirishani kwetu.

Umeme ukakatika.

Nilisimama katikati ya chumba nikiwa na mwiko usio na kazi. Bakuli lile la udongo halikuweza kuwekwa kwenye mkaa, lingepasuka. Kumhamishia jogoo kwenye sufuria zetu kulikuwa ni kumbatiza. Mume wangu aliniuliza kwa upole kama sasa naweza kwenda kuazima kwa mke wa fundi, na nilimjibu kwa namna ambayo hakuuliza tena. Alikwenda chumbani, akatoa blanketi la kitanda chetu, akakifunika chungu chote, akakandamiza pembezoni kama anavyofunikwa mtoto mwenye homa. Kisha tukakaa, yeye kiti hiki, mimi kile, tukilitazama blanketi. Nilimpenda sana mwanamume yule siku ile.

Subira huvuta heri, wanasema, lakini siku ile heri ilivutwa na tope. Njia ya Tunduru wakati wa mvua ilikuwa haina adabu kwa mtu yeyote, na basi la baba lilikuwa limekwama mahali fulani, abiria wakilisukuma. Umeme ulirudi alasiri. Taa nyekundu ya chungu ikawaka. Tukaondoa blanketi, na jogoo akaendelea na safari yake kama abiria wengine.

Baba alifika jua likizama, kanzu imepandishwa, tope mpaka magotini. Alikuwa amekonda. Nilipiga goti nikasema shikamoo, akasema marahaba, na sauti yake ikapasuka kidogo katikati ya neno. Mume wangu naye akamwamkia. Baba akamwitikia, akamwita "bwana mwalimu", kama anavyoitwa mtu aliyekutana naye posta. Kikapuni alikuwa na korosho za mama, na chini yake, ndani ya kitambaa, mihogo ya kuchemsha. Nilijua mihogo ile ni ya nini. Alipokwisha kunawa na kuswali alisema asante, ameshakula njiani.

Sikubishana. Nilitandika mkeka, nikaleta wali wa mimi na mume wangu, maana sufuria yake baba asingeikubali, na nikakileta chungu chenyewe, na waya wake unaning'inia. Nikamwambia, "Baba, chombo hiki hakijapikiwa kitu tangu kilipotoka dukani. Wewe ndiye wa kwanza."

Aliinamia kioo na macho yake mabovu. Akauliza moto uko wapi. Mume wangu akamweleza, na baba akauliza tena, kwa kuwa alikuwa mtu aliyependa kujua vitu, nami nilikuwa nimelisahau hilo kwa uchungu wangu. Kisha akauliza kwa sauti ya chini nani amechinja. Mume wangu akatoa ushahidi wake wote, kofia, kisu, kibla, hata upande ambao upepo ulikuwa ukivuma. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mlete basi tumwone."

Nikamtoa jogoo nikamweka juu ya sinia lililotandikwa jani la mgomba. Na hapo tukakwama upya, jambo ambalo sikulifikiria. Nyama hugawiwa jikoni na mwanamke, kila mtu anapata sahani yake na hakuna maneno. Huyu alikuwa mzima. Mwenye nyumba alikuwa mume wangu, lakini asingeweza kunyoosha mkono mbele ya mkwewe. Mimi nisingeweza kabisa. Tulikaa watatu tukilitazama sinia, wali ukipoa.

Baba alivuta pumzi, akakunja mkono wa kanzu, akashika paja. Likamfuata mkononi bila kuvutwa. Alilitazama kwa mshangao akaanza kucheka, kicheko chake cha zamani kinachoanzia tumboni. "Jogoo huyu," alisema, "amekubali mwenyewe."

Akaliweka paja lile mbele ya mume wangu. La pili akaliweka mbele yangu. Akajimegea kidari, akasema bismillahi, akala. Nilitazama koo lake likimeza na sikuona haya kutazama. Akala tena. Mgeni njoo mwenyeji apone: tulikuwa hatujaonja kuku kwa muda mrefu, tukamla mpaka mifupa ikalala mitupu.

Mwishoni baba alipitisha vidole ndani ya mgongo wa jogoo akakuta firigisi, niliyokuwa nimeirudisha tumboni kwa kutojua niiweke wapi. Mume wangu aliinamisha macho haraka. Firigisi ina mwenyewe, mwanamume anayeheshimiwa, na mkekani palikuwa na wanaume wawili. Baba aliigeuza mwangani, akaitia kinywani mwake, akaitafuna taratibu mpaka ikaisha.

"Hii nimekula mimi, maana leo mgeni ni mimi," alimwambia. "Ya kwako iko Nalasi, mkwe wangu. Uje uifuate. Mama yenu atakuchinjishia."

Mume wangu alijibu "Ndiyo, baba," kwa sauti ndogo. Mimi niliinuka nikasema nafuata maji, ingawa jagi lilikuwa palepale mkekani. Jikoni nikalia kwa furaha, kanga mdomoni, mpaka mwalimu aliponifuata na kuninong'oneza, akitaka kujua basi la Tunduru linaondoka siku gani.