Kidole cha Pili kwenye Mpaka wa Mama Dorika

Niite mwongo ukitaka, wengi wameshaniita. Padri wetu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama ninalala vizuri. Silali vizuri, kweli. Lakini sikuanza kukosa usingizi ndipo nikaona mambo. Niliona kwanza, usingizi ukaondoka baadaye. Na sikuyaona gizani. Ilikuwa mchana, hapa Bunia, ndani ya ukumbi wa parokia, jenereta ikinguruma nje, akili zangu zote zikiwa timamu.

Kazi yangu ni vioo vya kugusa. Sirekebishi vilivyopasuka, hapana. Mimi ninaandika programu na kuchora yale ambayo kidole chako kitayakuta: kitufe kiwe kikubwa kiasi gani, kitu kifanye nini kikiguswa, mikono mitano ikifika kwa pamoja nani asikilizwe. Kwetu ni Mahagi, lakini kazi iko mjini. Mwenzangu ni Neema, binti wa wafanyabiashara waliotoka Butembo. Mimi ninaongea na mashine, yeye anaongea na watu, na kwa kweli kazi yake ndiyo ngumu.

Shirika moja lilituita kwa ajili ya watu wa kijiji kimoja upande wa Komanda. Walikuwa wamekimbia vita, sasa wanajiandaa kurudi. Nyumba ziliungua, miti ya mipaka ikakatwa kuni, na kila mtu alikumbuka shamba lake kuwa kubwa kuliko jirani alivyolikumbuka. Walijaribu kuchora kwenye karatasi wakagombana hadi karatasi ikachanika.

Basi nikawatengenezea meza. Televisheni kubwa imelazwa chali, inaonyesha picha ya kijiji iliyopigwa kutoka juu. Kuizunguka kuna fremu inayorusha mwanga ambao jicho halioni. Kidole kikikata mwanga huo, meza inajua kiko wapi, hata vikiwa vidole ishirini. Chini ya kila kidole kinatokea kiduara cheupe, ili mtu ajue ameonekana.

Na niliweka sheria moja, ambayo niliipenda sana. Mpaka haukubaliwi hadi majirani wawili waweke vidole, kila mmoja upande wake, wavishike hapo pamoja kwa sekunde tano. Mstari mwekundu unakuwa kijani. Niliona watu ambao hawakuwa wanasalimiana wakiinama juu ya meza ile na kuhesabu kwa sauti moja kwa Kifaransa, un, deux, trois. Neema alikuwa anageuka pembeni kufuta macho.

Mama Dorika ndiye aliyebaki. Ni mjane, mwenye kahawa kidogo. Jirani yake, Zakayo, hakuwepo. Mdogo wake Zakayo, kijana aitwaye Pascal, alisema yaya yake, yaani kaka yake mkubwa, alivuka ziwa kwenda Uganda kutafuta kazi, na kwamba yeye ataweka kidole kwa niaba yake. Sawa. Lakini Pascal alivuta mstari ukapita mfereji ulio kati ya mashamba yao, ukaingia kwa Mama Dorika, hadi nyuma ya miti mitatu ya mikaratusi. Karibu nusu ya kahawa ya mama ilikuwa inakwenda.

"Hapana," Mama Dorika alisema. "Mupaka iko kwa mufereji. Yaya yako anajua."

"Yaya haiko hapa," Pascal akajibu. "Miye ndiye niko."

Hawakuelewana asubuhi yote. Saa saba Pascal akapanda pikipiki kwa hasira, watu wakatoka kula chini ya hema, mvua ikaanza. Tukabaki mimi na Mama Dorika mezani, na Neema kwenye kiti chake mlangoni na daftari la majina.

Sikumwona yule mtu akiingia. Nilisikia tu Mama Dorika akipiga kelele ya furaha. "Zakayo! Kumbe ulirudia?"

"Niko, mama," akasema. "Sikuenda mbali."

Mtu mwembamba, shati la mikono mirefu, mpole. Mimi sikuwahi kumjua Zakayo, kwa hiyo niliona mgeni tu. Hata jina sikumuuliza, mimi ambaye ninauliza kila mtu! Nilifurahi kazi inaisha. Nikarudisha mstari kwenye mfereji, nikamuuliza kama ndiyo hapo.

"Ndiyo pale. Tuweke."

Mama Dorika akaweka kidole, kiduara kikatokea. Zakayo akaweka chake. Hakuna kitu. Nikamwambia afute mkono, akaufuta kwenye suruali, akaweka tena. Hakuna. Nikaushika mkono wake kumwelekeza. Haukuwa baridi, kama watu wanavyopenda kusimulia. Niliona udongo mwekundu kwenye kucha, basi. Kilichonishangaza ni kwamba haukuwa na uzito. Niliubeba kama unavyobeba shati kutoka kwenye kamba.

Sasa nikueleze jambo moja la kazi yetu. Fremu kama ile inadanganyika. Inzi akipita, tone likidondoka, mashine inafikiri ni kidole. Sisi tunauita mguso wa mzuka. Ndiyo, hilo ndilo jina lake, na nimelitamka miaka mingi bila kuwaza. Kwa hiyo niliandika kichujio: mguso wowote usio na unene wa kidole unatupwa. Siku ile nilidhani kichujio kimekuwa kikali mno. Nikakizima.

Papo hapo kiduara kikatokea chini ya kidole chake.

"Un," Mama Dorika akaanza kuhesabu, na sisi tukafuata. Mstari ukawa kijani. Yule mtu akautazama mstari kwa muda, akasema polepole, "Musiifute." Mama Dorika akanigeukia akinishukuru, akanishika mabega, na tulipotazama tena mahali pale palikuwa patupu. Nikafikiri ameenda kula.

Nikamwita Neema. "Zakayo ameelekea wapi?"

"Zakayo gani? Niko hapa mulangoni tangu saa sita. Hakuna mutu aliingia."

"Tulihesabu naye sasa hivi!"

"Niliwasikia munahesabu," Neema akasema. "Mulikuwa wawili."

Nikafungua kumbukumbu. Meza huandika kila mguso: mahali, muda, unene wa kidole. Miguso miwili ilikuwepo. Kidole cha Mama Dorika kilikuwa na unene wa kidole cha mama mkulima. Cha pili kilikuwa na sifuri.

Pascal alirudi akaona kijani. Sijawahi kuona mtu akibadilika sura hivyo. "Nani aliweka?" Mama Dorika akamjibu, na badala ya kufurahi kwamba kaka yake amefika, Pascal alinivuta pembeni. "Futa. Usipofuta nitaenda kwa wakubwa wa shirika, niseme mashine yako inaiba mashamba."

Ungefanya nini? Mimi nilifuta. Niliogopa kupoteza kazi, na niliogopa ile sifuri. Mama Dorika alikuwa ananitazama.

"Weye ulimuona," akasema. "Ulishika mukono yake."

"Mama, mashine ilikosea."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nimeungama mengi maishani, lakini hayo yamebaki kwenye koo.

Usiku ule sikuweza kukaa. Nikikaa kitini, miguu inataka kusimama. Nikilala, mkono unafungua simu wenyewe. Nikatoka alfajiri kabla ya kengele ya misa, nikatembea kutoka mtaa wa Nyakasanza hadi wa Mudzipela, nikarudi, nikaenda tena, nikisalimiwa na akina mama wa soko bila kuwajibu. Kidole changu cha shahada, kile nilichofutia, kilikuwa kinawasha kwa ndani, mahali ambapo kucha haifiki.

Asubuhi nikawasha meza. Mstari ulikuwa kijani, kwenye mfereji. Upande wa Zakayo kulikuwa na kiduara cheupe, na hakuna mtu aliyekuwa akigusa.

Nikafuta kioo kwa kitambaa. Nikarudisha kichujio. Nikazima na kuwasha mara tatu. Nikabadilisha fremu nzima, nikaweka ya akiba. Kiduara kikabaki. Kisha nikaona kile kinachohesabu sekunde za kushika, kile kinachopaswa kuishia tano. Kilikuwa bado kinaenda. Nikapiga hesabu kurudi nyuma: kilianza jana yake, saa saba na dakika kadhaa. Usiku kucha, umeme ukiwa umezimwa, mtu alikuwa ameshika.

Neema aliona. Chifu wa kijiji aliona, na wazee wanne, ukitaka nitakupeleka kwao. Pascal akafika wa mwisho.

"Nani anashika pale?" akauliza. "Nani anashika?"

"Muulize mwenyewe," Mama Dorika akasema. Hakusema kwa ukali.

Pascal akasogea. Akaweka kidole chake juu ya kiduara kile, taratibu, kama mtu anayejaribu chuma cha moto. Nilingoja vitokee viduara viwili. Kilibaki kimoja. Hakuuondoa mkono.

"Yaya," akasema kwa sauti ndogo, "niache."

Kisha akakaa chini, kwenye sakafu ya ukumbi, mbele ya watu wote.

"Alikufa," akasema. "Ile siku tulikimbia, risasi ilimupata. Nilimuzika pale kwa mikaratusi, na jembe tu, bila sanduku, bila sala, nikamuacha. Bibi yake ya ndoa iko Mahagi. Nilishindwa kumuambia. Nikasema iko Uganda. Kisha kila mwezi nilikuwa namutumia salamu, nasema zinatoka kwake." Akamgeukia Mama Dorika. "Sikutaka kahawa ya mama. Nilitaka ile fasi alilala ikuwe yetu, mutu asilime pale akamukuta."

Mama Dorika akashuka chini, yeye na magoti yake mabovu, akakaa naye. Nilipotazama meza, kiduara kilikuwa kimeondoka. Mstari ulibaki kijani.

Walimchimbua wiki ile ile, padri akaja, akazikwa upya na sanduku. Mama Dorika alitoa mwenyewe sehemu ile ya mikaratusi, bila mashine. Nilidhani basi, imeisha. Lakini tangu siku ile hakuna kioo kinachokisikia kidole changu cha shahada cha kulia. Simu, tableti, mashine ya benki, vyote. Ninagusa, kimya. Daktari amekichoma sindano, nikaruka kwa maumivu. Kiko kizima, kina joto, kina damu. Vioo tu ndivyo havioni kama kipo. Ninafanya kazi kwa mkono wa kushoto, nikiwa napanga vitu ambavyo watu wengine watagusa.

Siku tunafungasha meza, mke wa Zakayo alifika kutoka Mahagi. Alikuwa bado na vumbi la safari. Akaniuliza kwa lugha ya kwetu kama ni mimi niliyemshika mkono mumewe. Nikasema ndiyo. Akauchukua mkono wangu wa kulia katika mikono yake miwili.

"Alikuwa na kovu hapa," akasema, akinigusa kati ya dole gumba na shahada. "Alijikata siku ya harusi, akichinja mbuzi. Bado lilikuwepo?"

Nilitafuta kichwani. Nilikuwa nimeushika mkono ule, uso wangu uko karibu nao kiasi hiki. Nilikuwa ninaangalia kama kiduara kimetokea.

"Sikuangalia, mama," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kwa upole, akaendelea kuushika mkono wangu hadi dereva wa pikipiki alipopiga honi mara ya tatu.

Kwa hiyo wewe unayefanya kazi hii, au utakayeifanya, nisikilize. Mtu akija kugusa ulichokitengeneza na kisimwone, usikimbilie kusema ni kosa la mashine. Muulize jina lake mbele ya watu. Na kabla ya kutazama kioo, utazame mkono wake, uutazame vizuri, kwa sababu siku moja mtu atakuja kutoka mbali kukuuliza mkono ule ulikuwaje.